Zaid Anampiga Amri

Sauti ile ilianza kusikika mwaka ambao magugu yalifunga ziwa na mashua za Kendu Bay zikakaa ufukweni zikikauka. Mwanzoni hakuna aliyeiogopa. Watoto wa madrasa walikuwa wakiitikia darsa la alasiri kwa pamoja, wakiyavuta maneno kama kawaida yao, na walipomaliza, kukawa na mmoja nyuma yao aliyemaliza peke yake. Alichelewa kidogo tu. Lakini alitamka vizuri kuliko wote.

Maalim Haruni Maroa aliishusha fimbo yake.

"Nani huyo?"

Watoto wakatazamana.

"Nauliza, nani amemaliza mwisho? Sitaki kumchapa. Nataka kumsifu."

Hapo ndipo watoto walipoogopa, maana Maalim Haruni hakuwa mtu wa kusifu.

Alikuwa akiwafundisha kitenzi cha wakati uliopo katika sarufi ya Kiarabu. Kitenzi kimoja kina namna kumi na nne: anapiga mwanamume mmoja, wanapiga wawili, wanapiga wengi, anapiga mwanamke, hivyo hivyo mpaka ninapiga na tunapiga. Yadhribu, yadhribani, yadhribuna. Vitabu vya zamani vinapenda sana kitenzi hicho cha kupiga, na vimechagua watu wa kukionyesha. Zaid ndiye mpigaji. Amri ndiye mpigwa. Zaid anampiga Amri ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna kitabu kinachoeleza Amri alikosa nini.

Ndani ya kitenzi hicho mna herufi nzito ya dhadi, nayo ilikuwa imemtesa Maalim ujanani. Yeye ni Mkuria wa Isebania, alizaliwa kwa Wakristo, akasilimu Mombasa alikokwenda kutafuta kazi bandarini. Darasani huko walimcheka kila alipofungua kinywa. Akarudi upande wa ziwa na elimu yake, na kinyongo chake pia, akafungua madrasa ya mabati karibu na nyumba yake na kuwatwisha watoto wa Kendu Bay kile alichotwishwa yeye. Miaka yote hiyo hakuwahi kupata mwanafunzi mmoja wa kuitamka dhadi ile ikatoka. Sasa amempata, na mwenyewe hajulikani ni nani.

"Si sisi, Maalim," alisema mmoja wa wavulana kwa sauti ya chini. "Ni huko nyuma."

Huko nyuma palikuwa na Nyanchama peke yake.

Nyanchama alikuwa msichana wa Kisii, mamake alisilimu akiolewa na fundi cherehani wa pale mjini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja, mzito wa kushika mambo, mwepesi wa kulia. Na Maalim alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo haikumfaa mtoto wa aina hiyo. Aliwaweka watoto wawili wawili, uso kwa uso, wakitenda kile wanachokisoma: huyu Zaid, huyu Amri, huyu ananyanyua kiganja na kumgusa mwenzake begani huku darasa zima likiitikia. Halafu wanabadilishana. Watoto walikipenda kipindi hicho, maana wapo walioshindwa kugusa tu wakapiga kweli. Nyanchama hakuwa na wa kukaa naye. Kila aliyepangwa naye alilalamika kwamba anamkosesha.

"Njoo," Maalim alimwambia siku moja, akamvuta mkono mpaka kwenye mkeka wa nyuma, chini ya dirisha. "Kaa hapa. Unaona hapo mbele yako? Hapo amekaa Zaid. Wewe ni Amri. Huyu hatalalamika."

Darasa lilicheka mpaka mabati yakaitikia. Nyanchama aliinamisha kichwa. Ilikuwa ni siku chache tu kabla ya ile sauti kuanza.

Alasiri iliyofuata baada ya sauti, walipofika kwenye yadhribu, ulisikika mlio ambao kila mtoto wa Kiafrika anaujua hata akiwa amelala. Kofi. Nyanchama aliangukia ubavu na kushika shavu.

"Nini tena?" Maalim alifoka.

"Kuna mtu amenichapa, Maalim."

"Mtu gani?"

"Simuoni."

Maalim aliuondoa mkono wa msichana shavuni. Vidole vilikuwa vimejichora pale, virefu mno, na kiganja kilikuwa kipana kuliko uso wenyewe wa msichana. Akaviangalia. Kisha akasikia harufu, hafifu, ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Na nyuma ya dirisha, au kwenye mkeka, au ndani ya sikio lake mwenyewe, ile sauti ikaimalizia namna ya mwisho polepole, kila irabu mahali pake, na dhadi ikatoka nzito kama inavyotakiwa.

"Umejichapa mwenyewe," Maalim alisema. "Kaa sawa."

Alisema uongo na alijua anasema uongo. Alikuwa amesikia kwa walimu wake kwamba wapo majini wanaopenda elimu na kukaa nyuma ya darsa wakisikiliza, hawamdhuru mtu. Alijiambia huyu ni mmoja wao. Alijiambia pia kwamba kofi moja mawili halijaua mtoto bado. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo lilimnyamazisha kabisa: darasa lilianza kulijua somo. Wale watoto waliokuwa wakikoroga namna ya wanawake na ya wanaume sasa waliisoma yote bila kukwama, macho yamewatoka, kila mmoja akiogopa kupelekwa mkeka wa nyuma. Hata dhadi zao zilianza kunyooka, maana walikuwa wakimfuata yule aliyemaliza mwisho. Maalim akasikia utamu wa kazi yake kwa mara ya kwanza.

"Maalim, nibadilishe," Nyanchama alimwomba siku moja wenzake walipotoka. Alikuwa akinong'ona, akitazama dirishani. "Naomba unibadilishe. Nitafagia. Nitateka maji."

"Unalijua somo?"

"Nalijua, Maalim."

"Umelijuaje?"

Msichana aligusa shavu lake.

"Basi ona," Maalim alisema. "Kaa hapo hapo."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mke wake, Marcella, alikuwa mja mzito, na siku zilikuwa zimekaribia. Alikuwa Mjaluo wa Rusinga, binti wa Wasabato, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alishazika watoto wawili, mmoja hakumaliza juma na mwingine alimaliza mwaka. Huyu wa sasa alikuwa amembeba akiwa ameshika pumzi. Hakununua nguo hata moja ya mtoto, wala hakumruhusu mtu amguse tumbo, na ukimuuliza anatarajia lini atakwambia hajui.

Alijifungua salama mtoto wa kiume, mnene, mwenye nywele tele. Marcella alimwangalia siku nzima. Jioni ndipo alipolia, akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama anaumwa.

Lakini mtoto naye alianza kulia, na yeye hakuacha. Alilia akinyonya, akalia akibebwa, akalia usingizini. Zahanati walimpima na kusema hana neno. Dawa ya tumbo haikusaidia. Maalim alimsomea, akapuliza kwenye maji, mtoto akazidisha. Majirani walijua kilichotakiwa, ila walimwogopa Maalim. Hatimaye Marcella alituma habari Rusinga bila kumwomba mtu ruhusa.

Akaja bibi yake, Dani Jerusha, na kikapu cha mboga za kienyeji na ulimi ambao haukuwahi kupumzika.

"Chwora," alimsalimu Maalim. Ndivyo bibi wa Kijaluo anavyomtania mume wa mjukuu wake, humwita mume wangu. "Umekonda, yawa. Huyu mke mwenzangu hakulishi?"

"Ananilisha, Dani. Karibu."

"Na huyu mwanamume mdogo anadai nini?"

"Tumbo tu."

"Tumbo gani la siku zote hizi? Huyu anadai jina."

Maalim alijua anachokisema, akakunja uso. Jina angempa yeye siku ya akika, alisema, na limekwisha chaguliwa. Akavaa kofia akaenda kwenye darsa lake.

Dani Jerusha alingoja mpaka aliposikia watoto wameanza kuitikia kule madrasani. Kanisani kwake walishamkanya mambo haya, lakini Jumamosi ilikuwa mbali. Akamweka mtoto mapajani, uso juu, akaanza kuwaita waliokufa wa ukoo, mmoja mmoja, kwa upole, jinsi unavyobisha kwenye mlango wa mtu aliyelala. Kwa Wajaluo mtoto mchanga anayelia hivyo huwa amefuatwa na mmoja wao anayetaka kurudi kwa jina. Unaita. Atakayetajwa mtoto akanyamaza, ndiye. Hilo ndilo jina, na mwenye jina amekwisha pata nyumba.

"Okumbo, ni wewe? Kama ni wewe, nyamaza unyonye."

Mtoto akalia.

"Nyangweso? Wewe ulipenda fujo hata ukiwa hai. Ni wewe?"

Akalia.

Akawaita wa upande wa mama na wa upande wa baba wa Marcella. Akauliza wa Maalim. "Wangwe, baba yake," Marcella alisema, na Wangwe akaitwa kwa heshima, ingawa Dani hakumjua na marehemu hakuwa Mjaluo. Mtoto alikuwa amekaukiwa sauti, midomo ikimtetemeka, na bado analia. Marcella akaziba masikio. "Atakufa, Dani," alisema. "Huyu naye atakufa."

Hapo ndipo Maalim Haruni alipoingia kutoka darsani. Aliona, akaelewa, na hasira ikampanda. Angeweza kuwafokea tu yakaisha. Lakini alitaka kuwakejeli, na kejeli yake aliipata palepale ulimini, ilikuwa bado ya moto.

"Bado mnatafuta jina?" akasema. "Mnahangaika bure. Mimi ninalo la mtu ambaye kila siku natoka kwake." Akamwinamia mtoto, akaita kwa sauti ya darasani: "Zaid!"

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kama watoto wanavyonyamaza, kwa kwikwi na kushusha pumzi. Kilio kilikatika katikati. Akafumbua macho, akamtazama Maalim usoni, akatulia hivyo. Nje watoto wa madrasa walikuwa wakikimbizana kurudi kwao.

Dani Jerusha aliuondoa mkono wake kifuani mwa mtoto taratibu.

"Huyo Zaid," alisema kwa sauti ndogo, "ni mtu wako wa wapi aliyekufa?"

"Hajafa. Hajawahi kuzaliwa. Ni jina la vitabuni tu, Dani, la kufundishia."

"Basi umemwita nani?"

Maalim alifungua kinywa akajibu kwamba ameita jina tu, lakini alilisema hilo akiwa tayari amesikia harufu ya ngozi mbichi ikitoka kwenye nguo za mtoto.

Kesho yake kule madrasani Nyanchama alikaa kwenye mkeka wa nyuma akiwa amekaza shavu. Darasa likaitikia mpaka mwisho. Kofi halikuja. Hakuna aliyemaliza nyuma yao. Msichana aligusa uso wake, akatazama mbele yake pale patupu, kisha akacheka kwa sauti, na wenzake wote wakacheka pamoja naye. Maalim alikumbuka ile harufu kwenye nguo za mtoto. Akaliacha darsa katikati na kukimbia nyumbani, kanzu ameikunja mkononi.

Alimkuta Marcella amekaa kitandani, mtoto yuko mbele yake, kavuliwa nguo. Hakulia tangu jana. Alinyonya vizuri, akalala vizuri, majirani walikuja kumshangilia. Lakini saa ya alasiri, wakati kule madrasani watoto wanaanza kuitikia, alikuwa amelala kifudifudi na mama yake akimwangalia kwa macho haya haya mawili, hakuna mtu mwingine chumbani, mlango uko wazi, jua limejaa sakafuni, na alama ya kiganja ikatokea mgongoni mwake, kwanza nyeupe, kisha nyekundu, ikafuatiwa na nyingine, na nyingine, na kila moja ilikuja na mlio wake, na mtoto kila alipopigwa alitingishika mwili mzima bila kutoa sauti, kana kwamba si yeye.

"Nimemfunika na mwili wangu," Marcella alisema. "Zimetokea chini yangu. Maalim, ni kitu gani hiki?"

Maalim akasema hajui.

Ikawa hivyo kila alasiri. Wakimhamisha chumba, zinamfuata. Darsa likifutwa, zinakuja wakati uleule. Marcella alimpeleka zahanati na muuguzi alipoufunua ule mgongo akautazama, halafu akamtazama yeye.

"Mama, wewe unachapa kitoto hiki kichanga?"

"Si mimi, sista."

"Ni nani sasa? Amejichapa?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walisikia. Toka siku hiyo waliokuwa wakimshangilia walivuka barabara wakimwona. Marcella hakujali. Mtoto alikuwa anapungua, ngozi ya mgongoni imeanza kufanya maji, na yeye alishajua mtoto anayekufa anavyokuwa.

Dani Jerusha ndiye aliyetaka mtu aitwe. Akatumwa kijana wa baiskeli mpaka stendi, na ujumbe ukafika Migori kwa Bi. Nyarangi, mwanamke aliyeuza omena sokoni na ambaye watu wenye majini walimtafuta mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa mfupi, amejifunga leso mbili, hana hirizi wala mbwembwe. Aliomba chai. Aliinywa yote. Kisha akamwomba Maalim amweleze tangu mwanzo, na Maalim akamweleza kuanzia kilio cha mtoto.

"Huo si mwanzo," Bi. Nyarangi alisema.

Akamsogelea mtoto, akamsomea sikioni kwa muda mrefu, mpaka mtoto akainua kichwa mwenyewe, jambo ambalo mtoto wa umri ule hawezi. Midomo ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, tulivu, yenye adabu za mwanafunzi.

"Nilipewa mahali," ikasema. "Nikapewa kazi. Halafu nikapewa jina. Sijakosa darsa hata moja."

Marcella alitoa mguno, Dani akamshika.

"Nani alikupa?" Bi. Nyarangi aliuliza.

"Maalim wangu."

"Na mbona unampiga mtoto?"

"Nina kazi na sina wa kumfanyia. Nilikuwa na msichana, ameniponyoka nilipoitwa huku. Nipeni Amri wangu."

Ndipo Maalim alipoeleza tangu mwanzo kwa kweli. Aliutaja mkeka, akamtaja Nyanchama, akasema pia kwamba alijua. Marcella alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Alimtazama tu jinsi mtu anavyoitazama nyumba yake mwenyewe akigundua mlango ulikuwa wazi usiku kucha.

Bi. Nyarangi alimvuta Maalim nje, wakanong'ona kando ya pipa la maji.

"Iko njia moja. Kesho alasiri ukae kwenye ule mkeka, mahali pa yule msichana. Mtoto awekwe mbele yako. Watoto waitikie somo lote, na yeye alimalize juu yako. Ukivumilia mpaka neno la mwisho, atakuwa amehitimu. Utamfungulia kwa kinywa chako na atakwenda na jina lake."

"Na nikishindwa?"

"Kulia unaweza kulia. Kinachokatazwa ni kimoja. Usimpe mtu mwingine. Ukimtaja mwingine, huyo atakuwa wake, na jina halitamtoka mtoto maisha."

"Msichana lazima awepo?"

"Awepo nyuma yako. Aone mkubwa amekaa pale alipomkalisha yeye. Bila hivyo darsa halitakuwa limesahihishwa."

"Nitaweza," Maalim alisema.

Watoto walioletwa madrasani na wazazi wao kesho yake hawakufika kumi. Nyanchama aliletwa na mama yake, akasimama mlangoni nyuma ya Maalim. Mtoto alilazwa kwenye kitambaa cheupe chini ya dirisha. Maalim akavua kofia, akakaa, miguu kaikunja, mikono juu ya magoti. Marcella alikuwa ukutani. Walipovuka kizingiti alikuwa amemshika mume wake mkono na kumwambia, "Ni huyu tu nimebaki naye."

Watoto wakaanza. Yadhribu. Kofi la kwanza lilimgeuza Maalim uso mpaka ukaangalia ukuta, na harufu ya ngozi ikajaa chumba chote. Yadhribani. Yadhribuna. Watoto walikuwa wakisoma huku wanalia, na Bi. Nyarangi akiwahimiza wasiache, wasiache, na fimbo ya Maalim mwenyewe, iliyokuwa imening'inizwa kwenye msumari wake, haikuwapo tena msumarini, haikuonekana ilipo, lakini kila mtu aliisikia inavyokata hewa na kila mtu aliiona kanzu nyeupe inavyochanika mistari mgongoni na mistari hiyo inavyolowa, na kwenye kitambaa mtoto mchanga alikuwa ametulia, macho wazi, akimtazama baba yake na kumalizia kila neno nyuma ya wengine kwa sauti ile iliyonyooka, dhadi baada ya dhadi, bila haraka, kama mtu anayetaka apewe alama zote.

Maalim alivumilia namna za mwanamume. Akavumilia za mwanamke. Alilia, na kulia kuliruhusiwa. Huko nyuma Nyanchama aliishiwa nguvu, akaanza kuteleza na ukuta, na hapo Marcella alimwona. Aliacha mahali pake, akapita nyuma ya mume wake, akamnyanyua msichana, akamfunika kwa leso yake kichwa na uso na kumweka nyuma ya mgongo wake, yeye mwenyewe akasimama mbele. Maalim hakuona. Macho yake yalikuwa yamevimba.

Yalibaki maneno mawili tu, ninapiga na tunapiga. Pigo la adhribu, ninapiga, lilimpata mdomoni. Maalim akatema jino, akaliona kwenye mkeka, na uoga wote wa Mombasa, wa kuchekwa, wa kuwa mdogo mbele ya wenye kujua, ukampanda mara moja.

"Si mimi!" alipiga kelele. "Mimi ni mwalimu! Mchukue mwingine!"

"Nyamaza!" Bi. Nyarangi alimlilia. "Neno moja tu, Maalim! Limebaki neno moja!"

"Nani?" mtoto akauliza.

"Yule wa mwanzo! Uliyemzoea! Yuko hapa nyuma yangu!"

Watoto waliacha kusoma. Kisha likasikika kofi, na halikuwa kubwa. Maalim akageuka. Nyanchama alikuwa salama ndani ya leso. Aliyeshika shavu, ametulia tuli, damu ikimchuruzika kutoka tundu la hereni, alikuwa Marcella.

Bi. Nyarangi alifunga leso zake akaenda zake Migori bila kuaga. Alichosema ni kwamba hakuna mganga wa kuondoa kitu ambacho maalim wake amekipa mtu mara mbili.

Maalim Haruni yupo Kendu Bay. Mgongo ulipona. Alijitengenezea jino la dhahabu, na siku hizi anafundisha kitenzi cha kuandika. Watu wanamwamkia vizuri.

Marcella alirudi Rusinga na mtoto, akaishi kwa Dani Jerusha. Mtoto alinenepa, ngozi ya mgongoni ikajifunga, akawa mcheshi, mwenye kucheka na kila mtu. Alipoanza kusimama kwa kushikilia kiti, alisema neno lake la kwanza: yadhribu. Katika nyumba ile, ya watu wasiojua Kiarabu hata herufi moja, alilisema wazi, kwa dhadi nzito, bila kosa, na Dani akadondosha sufuria.

"Nyathina, mwanangu, mpeleke," bibi alimnong'oneza Marcella siku hiyo. "Mpeleke kwa baba yake. Au mwache mahali. Nyasaye atakusamehe. Wewe utakwisha."

"Asiponipata mimi ataurudia mgongo wake mwenyewe, Dani."

"Na mpaka lini?"

Marcella alitazama nje. Jua lilikuwa limehamia upande wa ziwa na kivuli cha nyumba kimefika mawe ya jikoni, na mtoto alishaacha kucheza. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umenyooka, anangoja. Marcella alifunga mlango ili majirani wasisikie. Akavua hereni, moja, ya sikio lililobaki zima, akaiweka juu ya meza. Akakaa chini mbele yake, uso kwa uso.

"Haya, Zaid," alimwambia kwa upole. "Mama yuko hapa. Ukimaliza njoo unyonye."